TEKNOLOJIA: Jinsi ya kuanza kutumia Irssi, programu ya soga ya maandishi matupu

MALORI yanayotoka bandari ya Mombasa kuelekea Uganda, Rwanda na Congo hupumzika Salgaa, kituo kilichoko eneo la Rongai, Kaunti ya Nakuru, kando ya barabara kuu ya Nakuru kwenda Eldoret. Madereva na matingo hula, hulala, hupashana habari za njia, kisha hushika safari. Anayewasili alfajiri hayajui yaliyosemwa usiku, ila akimpata mtu aliyekuwapo.

Soga ya maandishi kupitia terminali hufuata desturi iyo hiyo. Watu hukutana mahali penye jina linalojulikana, huzungumza, huondoka, na mahali penyewe hapahifadhi maneno yao. Anayelielewa jambo hili tangu mwanzo atakuwa amevuka nusu ya ugumu unaowakabili wageni wa mtandao huu.

Makala haya yanamlenga kijana wa Salgaa, Molo, Njoro au kwingineko ambaye ana tarakilishi kuukuu au simu ya rununu, pesa chache za data, na hamu ya kujifunza kazi ya tarakilishi kutoka kwa wanaoifanya. Dereva anayetaka kuwasalimu jamaa zake tayari ana WhatsApp, na hana haja ya kuhangaika na mambo haya. Bali anayetaka kumuuliza swali mtu aliyeshiriki kuiunda programu anayojifunza, bila karo wala nauli ya kwenda Nairobi, atanufaika kwa kuisoma njia hii.

Terminali na IRC ni nini?

Terminali ni dirisha, aghalabu jeusi, ambamo mtumiaji huandika amri badala ya kubofya picha. Tarakilishi husoma amri hiyo, huitekeleza na kutoa jibu kwa maandishi. Hakuna vitufe vya rangi wala matangazo ya biashara.

IRC ni itifaki, yaani kanuni za mawasiliano, inayowezesha watu wengi kuandikiana papo kwa papo. Ilibuniwa Agosti 1988 na Jarkko Oikarinen, aliyekuwa katika Chuo Kikuu cha Oulu nchini Finland. Kanuni zake ziliandikwa rasmi Mei 1993 katika waraka uitwao RFC 1459. Wakati wa jaribio la mapinduzi katika Muungano wa Kisovieti, Agosti 1991, watu waliitumia kupitisha habari ilhali vyombo vya habari vilikuwa vimebanwa.

Ili kushiriki, mtu huhitaji programu ya kumuunganisha na seva. Programu mbili zinazopendwa na watumiaji wa terminali ni Irssi, iliyoanzishwa na Timo Sirainen mwaka wa 1999, na WeeChat, iliyoanzishwa na Sébastien Helleu mwaka wa 2003. Zote mbili hutolewa bila malipo. Hapa tutatumia Irssi.

Istilahi tatu zinafaa kushikwa mapema. Seva ni tarakilishi inayopokea ujumbe na kuusambaza. Chaneli ni baraza la mazungumzo, na jina lake huanza kwa alama ya #. Lakabu ni jina unalojichagulia na ambalo wenzako watakuona nalo.

Kwa nini maandishi matupu?

Sababu ya kwanza ni wepesi. Ujumbe mmoja wa IRC hauwezi kuzidi baiti 512, zikiwemo anwani za mtumaji na mpokeaji. Mstari wa kawaida wenye herufi 100, pamoja na anwani zake, haufiki baiti 200 au huzipita kidogo tu. Kwa hesabu hiyo, picha moja ya simu yenye uzito wa MB 2 inalingana na mistari ipatayo 10,000 ya mazungumzo. Pale ambapo mtandao unasuasua na kila shilingi ya data inahesabiwa, tofauti hiyo si ndogo.

Tarakilishi nayo haihitaji nguvu nyingi. Mashine iliyotupwa kwa sababu haiwezi tena kufungua kurasa nzito za wavuti bado inaweza kuendesha Irssi, maadamu inawaka na kuunganika na intaneti.

Sababu ya pili ni umiliki. Wengi waliozuru mikahawa ya intaneti miaka ya 2000 wanaikumbuka Yahoo! Messenger. Huduma hiyo ilifungwa Julai 17, 2018, na kwa kuwa ilikuwa mali ya kampuni moja, hapakuwa na seva nyingine ambako mtumiaji angehamia na programu yake.

Linganisha na yaliyotokea kwenye IRC mnamo Mei 2021. Wahudumu wa kujitolea wa mtandao wa freenode walijiuzulu kwa wingi kufuatia mzozo wa usimamizi, wakaanzisha mtandao mpya, Libera.Chat. Miradi mikubwa kama vile Ubuntu na Wikimedia iliwafuata. Mtumiaji wa Irssi hakulazimika kununua wala kujifunza chochote kipya. Alibadilisha anwani ya seva, akasajili lakabu yake upya na kuendelea na mazungumzo. Itifaki ikiwa wazi kwa wote, mlango mmoja ukifungwa mwingine hufunguliwa.

Kuweka programu

Kwenye tarakilishi inayotumia Ubuntu au Debian, fungua terminali uandike amri hizi mbili, moja baada ya nyingine, ukibonyeza Enter kila mara:

sudo apt update
sudo apt install irssi

Utaulizwa neno la siri la tarakilishi yako. Herufi hazitaonekana unapoliandika. Hiyo ni kawaida, si hitilafu.

Kwenye simu ya Android, weka kwanza programu ya Termux kutoka hifadhi ya F-Droid, kisha uandike:

pkg install irssi

Wenye Windows 10 au 11 wanaweza kuweka mfumo wa Linux ndani ya Windows kwa amri ya wsl --install. Tahadhari: upakuaji wake ni mzito, hivyo ni heri ufanywe mahali penye mtandao usiopimwa kwa MB. Mwenye mashine dhaifu atapata nafuu zaidi akiweka Debian peke yake.

Hatua za siku ya kwanza

1. Andika irssi kwenye terminali na ubonyeze Enter. Dirisha litabadilika. Chini kabisa pana mstari wa kuandikia. Kila kinachoanza na mkwaju (/) ni amri kwa programu, na kila kisichoanza nao ni maneno yatakayosomwa na watu. Ishike tofauti hii, maana makosa mengi ya wageni huzaliwa hapo.

2. Chagua lakabu. Usipofanya hivyo, Irssi itatumia jina la akaunti ya tarakilishi yako, ambalo huenda likawa jina lako halisi. Lakabu haianzi kwa tarakimu wala haina nafasi katikati. Kwa mfano:

/set nick msafiri_rongai

3. Unganika na seva. Nambari 6697 ni mlango wa seva, na neno -tls huagiza ujumbe ufumbwe unapokuwa safarini kati yako na seva hiyo:

/connect -tls irc.libera.chat 6697

Mistari mingi ya makaribisho itapita. Usiogope wingi wake, bali isome taratibu, kwa kuwa ndimo zilimo kanuni za mtandao.

4. Ingia kwenye chaneli. Kwa mazoezi, ni busara kufungua chaneli yako mwenyewe na kumwita rafiki kabla ya kwenda penye watu wengi. Katika Libera.Chat, majina yenye # moja yametengewa miradi, na yenye ## ni ya mada za kawaida. Jina lifuatalo ni mfano tu:

/join ##mazoezi-salgaa

Ikiwa hakuna mtu chanelini, itafunguliwa papo hapo na lakabu yako itapata alama ya @, ishara kwamba wewe ndiwe msimamizi. Rafiki yako aliye Nakuru au Muscat akiandika amri hiyo hiyo, mtakutana.

5. Jifunze kuhama madirisha. Dirisha la kwanza ni la taarifa za seva, na kila chaneli hufunguliwa katika dirisha lake. Bonyeza Alt pamoja na 1, 2 au 3 kuhama. Kwenye Termux, gusa ESC kisha tarakimu. Ukiona neno Act likifuatwa na nambari upande wa chini, fahamu kuwa kuna ujumbe mpya katika dirisha la nambari hiyo.

6. Kumwita mtu kwa jina, andika herufi za mwanzo za lakabu yake kisha ubonyeze kitufe cha Tab. Irssi itakamilisha jina. Kumwandikia faraghani, tumia amri ya /msg ikifuatwa na lakabu yake pamoja na ujumbe.

7. Kuondoka chanelini, andika /part. Kufunga programu, andika /quit.

Kusajili lakabu

Lakabu isiyosajiliwa ni kama kiti cha mkahawa: ukiinuka, mwingine anaweza kukikalia na kujifanya wewe. Isitoshe, baadhi ya chaneli haziwapokei wasiosajiliwa. Usajili ni bure na huhitaji barua-pepe pekee.

Hamia dirisha la kwanza kwa Alt na 1 kabla ya kuandika amri ifuatayo. Ukiiandika ndani ya chaneli na kusahau mkwaju, neno lako la siri litasomwa na kila aliyepo:

/msg NickServ REGISTER nenolasiri anwani-yako

Badala ya nenolasiri, weka neno ambalo hulitumii mahali pengine popote, hasa si la barua-pepe wala la huduma ya pesa. Utapokea barua-pepe yenye amri ya kuthibitisha. Inakili jinsi ilivyo. Siku nyingine utakaporejea, jitambulishe hivi:

/msg NickServ IDENTIFY msafiri_rongai nenolasiri

Ukishazoea, unaweza kuifundisha Irssi anwani ya seva ili iunganike yenyewe kila inapofunguliwa:

/network add liberachat
/server add -auto -tls -network liberachat irc.libera.chat 6697
/save

Amri ya /save huandika mipangilio hiyo katika faili iliyomo kwenye tarakilishi. Ipo njia ya kuhifadhi humo hata neno la siri, lakini hukaa wazi bila kufumbwa. Usiitumie kwenye mashine ya mkahawa wa intaneti au ya shule.

Kubaki chanelini stima inapopotea

Tulisema mwanzoni kwamba chaneli haihifadhi maneno. Ukiuliza swali saa nne asubuhi, mtandao ukakatika, kisha mtu akalijibu saa sita, jibu hilo limekupita. Wageni wengi huuliza, husubiri dakika tano, huondoka na kulalamika kwamba hakuna anayejali.

Dawa yake ni kuiacha Irssi ikiendelea kufanya kazi wewe mwenyewe ukiwa mbali. Programu ya tmux hufanya hivyo. Iweke kwa sudo apt install tmux, kisha uanze hivi:

tmux new -s soga

Ndani yake, fungua Irssi kama kawaida. Unapotaka kuondoka, bonyeza Ctrl na b kwa pamoja, achilia, kisha bonyeza d. Terminali itaachana na Irssi, lakini Irssi itabaki chanelini. Kuirejea:

tmux attach -t soga

Njia hii hudumu mradi tarakilishi yenyewe inawaka na kuunganika. Stima ikipotea, kila kitu huzima. Kwa hiyo watumiaji wengi huweka Irssi kwenye seva iliyoko penye umeme wa uhakika na kuifikia kwa ssh. Kundi la wanafunzi linaweza kushirikiana gharama za seva moja ndogo. Anayesafiri na kubadilisha minara ya simu njiani afadhali atumie mosh, ambayo haikatishi kikao pale mtandao unapopotea kwa muda.

Unaweza pia kuiagiza Irssi iandike mazungumzo yote katika faili zako kwa amri ya /set autolog on. Kumbuka kuwa kumbukumbu hiyo ni yako peke yako, na kwamba wenzako nao wanaweza kuwa wanaandika yao. Neno lililotamkwa chanelini halifutiki kwa sababu tu seva haikulihifadhi.

Saa na lugha

Mikutano ya miradi hutangazwa kwa saa za UTC, na Kenya iko mbele kwa saa tatu. Ukiambiwa mkutano ni 18:00 UTC, ongeza tatu upate 21:00, yaani saa tatu usiku. Mwafrika Mashariki ana hatari ya ziada ya kuchanganya saa za Kiswahili na za kigeni, hivyo andika hesabu hiyo kwenye karatasi hadi uizoee.

Chaneli nyingi za kitaalamu hutumia Kiingereza. Hilo lisikuzuie kufungua chaneli ya Kiswahili na wenzako. Lugha yetu huandikwa kwa herufi za Kirumi bila alama za ziada, na hata ng' ya ng'ombe huhitaji kibainishi tu kilichomo katika kila kibodi. Mwaka wa 2004, watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walishiriki katika mradi wa Kilinux, uliotoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili. Istilahi za tarakilishi hukomaa kwa kutumiwa, na chaneli ni uwanja wa kuzitumia.

Adabu za kuuliza

Uliza swali lenyewe moja kwa moja. Usianze kwa kuomba ruhusa ya kuuliza, kwani atakayekujibu hajui kama analijua jambo lako hadi aliposome.

Taja ulichotaka kufanya, amri uliyoiandika na jibu ulilopewa, neno kwa neno. Maandishi marefu yasimwagwe chanelini. Yaweke kwenye tovuti ya kuhifadhi maandishi na utume kiungo chake tu. Uwe na subira ya saa kadhaa, kwa sababu wanaojibu ni watu wa kujitolea walio na kazi zao. Ukisaidiwa, eleza kilichofaa ili na wengine wafaidike, na siku nyingine mjibu mgeni aliyekuja nyuma yako.

Usalama na sheria

Neno -tls hulinda ujumbe kati yako na seva peke yake. Wasimamizi wa seva wana uwezo wa kuuona, na kila aliye chanelini anausoma. Hata ujumbe wa faragha wa IRC haufumbwi mwanzo hadi mwisho. Anayehitaji siri zaidi katika terminali atazame programu ya Profanity, inayotumia itifaki ya XMPP na ufumbaji wa OMEMO. Kamwe usiandike chanelini nambari ya kitambulisho, nambari ya siri ya pesa wala picha za stakabadhi.

Usitekeleze amri yoyote uliyopewa na mtu usiyemjua bila kwanza kujua inafanya nini. Lakabu si kitambulisho, na msaada wa uongo hutolewa kwa sauti ya upole. Mtu akikuudhi, andika /ignore ikifuatwa na lakabu yake.

Kwa wakazi wa Bonde la Ufa, liko jambo zito zaidi. Ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 zilifika Nakuru Januari 2008, na katika kipindi hicho ujumbe wa chuki ulisambazwa kwa simu. Mwaka huo huo, Bunge lilipitisha Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa, inayoharamisha matamshi ya chuki ya kikabila, yakiwemo yaliyoandikwa. Lakabu haimkingi mtu dhidi ya sheria hiyo. Anayesimamia chaneli anao uwezo wa kumtoa mchochezi kwa amri ya /kick au kumzuia asirudi kwa /ban, na uwezo huo ni wajibu.

Vilevile, chaneli si mahali pa kuripoti maafa. Barabara hii ilishuhudia moto wa lori la mafuta Sachangwan mnamo Januari 31, 2009, ambapo zaidi ya watu 100 walifariki, na ajali ya basi na lori huko Migaa mnamo Desemba 31, 2017, iliyowaua watu 36. Palipo na ajali, piga 999 au 112 kwanza. Soga inaweza kungoja.

Amri kwa muhtasari

/connect – kuunganika na seva
/join – kuingia chanelini
/nick – kubadilisha lakabu ukiwa umeunganika
/msg – kumwandikia mtu faraghani
/whois – kuona taarifa za lakabu fulani
/away – kuwajulisha wenzako kwamba hauko karibu
/ignore – kutosoma ujumbe wa mtu
/part – kutoka chanelini
/save – kuhifadhi mipangilio
/help – kupata maelezo. /Help join hueleza amri ya /join
/quit – kufunga programu

Anayeanza hana haja ya kuzihifadhi zote moyoni. Amri nne, yaani /connect, /join, /msg na /quit, zinatosha kwa juma la kwanza. Nyingine zitakuja kadiri haja inavyozuka. Kipimo cha kufaulu ni siku ile utakapouliza swali kuhusu programu iliyokushinda, ukajibiwa na mtu aliye ng'ambo ya bahari, nawe ukaelewa jibu lake kiasi cha kuweza kumfundisha jirani yako.